Mtumbwi mzuri uonekane ubavu

Semista imeanza, bumu halijaingia, ila ajabu ni kwamba mjadala mkubwa hapa hosteli wiki hii ni boti. Jamaa mmoja wa chumba cha jirani kaweka kwenye simu yake picha ya boti ya mbao inayong'aa, iko Ziwa Como kule Italia, mlima nyuma, dada kavaa miwani. Watu wakasifia, na mimi nikasifia, maana kizuri hakijifichi. Kelele zikaanza pale aliposema eti sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna boti, tuna mbao zinazoelea. Na huyu ni mtu wa Geita kabisa, kwao na ziwa ni mwendo wa bodaboda! Mimi wa Shinyanga, ambaye maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya lambo, ndiye nikabaki kulitetea ziwa. Pale koridoni kila mtu alikuwa anapiga kelele, kwa hiyo leo naandika kwa utulivu.

Kwanza tuwape Waitaliano haki yao. Boti ile ni Riva, aina ya Aquarama. Ilianza kutengenezwa mwaka 1962 na mtu anaitwa Carlo Riva, na zile za mbao ziliendelea kutoka kiwandani mpaka 1996. Urefu wake ni mita nane na ushee tu. Wengi wanadhani zinatoka Como kwa sababu ndiko zinakopigiwa picha, lakini karakana iko mji wa Sarnico, kwenye Ziwa Iseo, ziwa dogo ambalo hata jina lake wengi wetu hatujawahi kulisikia. Mbao zake ni mahogani, zinapigwa vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka unajiona usoni. Injini ni mbili, zimefichwa ndani nyuma, na juu yake wameweka godoro la watu kuota jua. Mwaka 1968 Ferruccio Lamborghini, huyu huyu wa magari, alijitengenezea ya kwake yenye injini mbili za V12. Kuhusu hela sisemi kitu.

Uzuri wake uko wapi hasa? Nimeiangalia ile picha mara nyingi kuliko nilivyoangalia notsi za saikolojia ya elimu, na jibu langu ni kwamba siyo ile vanishi. Ni mstari. Kuna mstari mmoja unaanzia puani unakwenda mpaka mkiani bila kukatika, unapanda kidogo, unashuka kidogo, na nyuma unajikunja kwa ndani. Hata ukiipaka rangi ya mlango wa choo ule mstari utabaki. Dada akishuka, miwani ikiondoka, mstari upo pale pale.

Sasa sikilizeni hii. Ukoo wa Riva haukuanza na matajiri. Mwaka 1842 fundi kijana anaitwa Pietro Riva alitoka Laglio, kijiji cha pale Como (ndiko George Clooney alikokuja kununua jumba miaka mingi baadaye), akaenda Sarnico kwa sababu dhoruba ilikuwa imevunja boti za wavuvi wa huko. Alikwenda kuziba na kupigilia. Carlo ni kitukuu chake. Yaani boti inayowapa watu wa hosteli yetu usingizi wa mang'amung'amu imezaliwa na fundi wa kuziba mitumbwi ya wavuvi baada ya upepo mbaya. Mafundi wa namna hiyo mimi nimewaona kwa macho yangu, na walikuwa wananiita mwalimu.

Ilikuwa mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha. Wenzangu walipangiwa mijini, mimi nikapelekwa sekondari moja maeneo ya Nkome, ufukweni mwa Nyanza, wilaya ya Geita. Kutoka nyumbani nilipita Kahama na Kakola, vumbi mpaka kwenye kope. Masomo yangu ni Hisabati na Fizikia. Jioni baada ya kusahihisha daftari nilikuwa nashuka mwaloni, mwanzoni kwa ajili ya dagaa wa bei nafuu, baadaye kwa ajili ya kuangalia tu. (Aside kwa wasiojua: huku Geita neno mwalo lina kazi mbili. Mwalo wa samaki ni pale mitumbwi inapotia nanga, na mwalo wa dhahabu ni pale wachimbaji wanapooshea mchanga wao. Ukiuliza njia, taja unataka upi, la sivyo utaishia kwenye tope na zebaki.)

Mtumbwi wa injini wa Nkome ukiuangalia umepandishwa mchangani, kitu cha kwanza kukipata jicho lako ni mkuku. Ule ubao mkubwa wa chini kabisa haukuishia mbele kama boti nyingine, unatokeza puani. Kutoka hapo mbao za ubavuni zinapanda, zinatanuka katikati pale wanapokaa watu na mzigo, halafu zinarudi kujibana nyuma zinapokutana na ubao uliosimama wa kufungia injini. Ndani kuna mataruma yameshika mbavu. Kwenye viungo wanasindika pamba ili maji yasipite. Pamba, jamani! Sisi wa Shinyanga tumelima pamba toka enzi za babu zetu, tumeipeleka jineri, tumegombana na bei, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nyuzi zile zile ndizo zinazomfanya mtu afike kisiwani akiwa mkavu. Toka mradi wa Ihelele ulipozinduliwa mwaka 2009 tunakunywa maji ya hili ziwa Kahama na Shinyanga mjini, lakini waulize watu wa kwetu ni wangapi wameshapanda mtumbwi.

Umbo hili ni la zamani. Lina undugu na mitumbwi ya visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, ambayo mbao zake zilikuwa zinashonwa kwa kamba za mimea kabla misumari haijazoeleka, na pua yake ilichomoza vile vile kama pembe. Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1875 na boti yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi toka pwani, alikuta Kabaka Mutesa ana mitumbwi ya vita kwa mamia. Riva alikuwa na miaka thelathini na kitu tu ya kuziba boti kule Sarnico. Kwa hiyo tukisema nani alianza kuwa na staili kwenye maji baridi, tusikimbilie kunyoosha kidole Ulaya.

Halafu rangi. Mtumbwi wa dagaa mara nyingi umepigwa lami nyeusi na basi, lakini mitumbwi ya abiria na ile ya sangara ina mambo. Bluu chini, mkanda wa njano, juu nyeupe. Jina limeandikwa kwa herufi zenye kivuli, la Mungu, la mama mzazi, au la kumsimanga jirani. Simba na Yanga wamo. Na nahodha, hapo ndipo mwenzangu wa picha ya Como angenyamaza. Kijana amesimama nyuma kabisa, mguu mmoja juu ya ubao, mkono wa injini ameuongezea kipande cha bomba ili asiiname. Yamaha inanguruma, pua imenyanyuka, koti la mvua linapepea, na mwili wake unakwenda na wimbi bila yeye kufikiri. Hajui kama anaangaliwa. Au anajua sana, maana walipokuwa wanapita karibu na wasichana wanaofua mwendo ulikuwa unaongezeka.

Sidanganyi mtu, naujua upande wa pili. Rangi inabanduka. Maji yapo miguuni na kuna mtoto kazi yake ni kuyachota na kopo. Kuna harufu. Petroli imewekwa kwenye dumu karibu na mtu anayevuta sigara. Ukiniuliza nataka kukaa wapi saa tatu, nitasema kwenye godoro la Aquarama. Lakini hebu tuilete hiyo Aquarama Nkome tuone. Ziwa Como ni kilomita za mraba 146 tu, limebanwa na milima, ingawa kwa kina linatushinda mbali: lina zaidi ya mita 400 na letu ni kama mita 80 penye kina kirefu. Nyanza ni kilomita za mraba 68,800. Upepo una nafasi ya kukimbia mpaka unachoka wenyewe, na wimbi linakuja fupi fupi limesimama kama ngazi. Kila ziwa limechonga boti yake. Ile ya Iseo inapita juu ya maji tulivu kama pasi kwenye shuka, ya kwetu inapasua. Mtu anayecheka pua ndefu ya mtumbwi hajawahi kukutana na wimbi la saa tisa mchana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, maana kama ni ubishi wa picha ningeuacha koridoni.

Kuna fundi mmoja mzee, Mkerewe, kambi yake iko chini ya mwembe pembeni ya mwalo. Siku moja nilimkuta amefunga kamba toka puani mpaka nyuma, anarudi hatua kumi, anafumba jicho moja, anarudi kugonga ubao, anarudi tena hatua kumi. Hana karatasi wala ramani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Sogea hapa, usinizibe."

Nikamuuliza anapimaje. Akasema anapima kwa jicho, na kwamba mtumbwi wenye ubavu mbaya hata mwanamke asiyejua kuogelea ataukataa akiwa bado yuko nchi kavu. Nikamuuliza ubavu mzuri ni upi. Akachukua kijiti akachora mchangani. Wadau, ulikuwa ni ule ule mstari wa Sarnico! Ulipanda, ukashuka, ukajikunja. Kisha akachora mstari wa pili, umelala, unaukata ule wa kwanza chini ya katikati. "Huu ni maji," akasema. "Mimi najenga haya ya juu yaonekane. Wao wakipakia wanayazamisha."

Niliondoka pale nikiwa na somo la Fizikia la wiki nzima. Mtumbwi uliopakiwa sawasawa, ubavu wake unauona toka mbali: rangi zote zipo, jina linasomeka, mstari wa juu umejipinda vizuri juu ya maji. Ukizidisha magunia, mkanda wa njano unazama, herufi zinaanza kulamba maji, mtumbwi unageuka kuwa mstari mmoja mnyoofu wa vichwa vya watu. Umekuwa mbaya. Na ubaya huo ndio hatari yenyewe, maana ubavu uliobaki juu ndio nafasi pekee aliyonayo wimbi kabla halijaingia ndani. Watu wakisimama uzito unapanda juu, mtumbwi ukilala upande kidogo haurudi. Uzuri na usalama pale vimekaa kwenye ubao mmoja.

Ndiyo maana napinga sana hii tabia ya kuona mitumbwi yetu kama mbao tu. Kitu unachokiona ni takataka huwezi kukasirika kikitumiwa vibaya. Hakuna mwenye Aquarama anayepakia magunia arobaini ya mkaa, na sababu siyo sheria peke yake, roho ingemuuma kuuona ule mstari unazama. Sisi tunaona kila siku na tunapanda. Tunasema "twende tu, Mungu yupo."

Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere karibu na Ukara ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, zaidi ya watu 220 wakafa wanaangalia ufuko. Hivyo ni vyombo vikubwa vyenye majina, kila mtu anavikumbuka. Mitumbwi haikumbukwi. Julai 2023 kule Mchigondo, Bunda, ilizama miwili siku moja, waumini walikuwa wanatoka ibadani, wakafa zaidi ya kumi. Ajali nyingine za mtumbwi zinaishia redio ya asubuhi. Darasani kwangu, kidato cha pili, nilipouliza nani amewahi kupoteza ndugu ziwani, mikono iliyoinuka ilinifanya nigeukie ubao nijifanye nafuta chaki.

Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, wanakagua vyombo vidogo na kusisitiza jaketi za kujiokolea, na ni sawa kabisa, mtu asipande bila jaketi. Ila mwaloni nimeona jaketi ikivaliwa mkaguzi akiwepo na kufanywa mto wa kukalia akiondoka. Jicho halina ratiba ya ukaguzi. Uingereza walipochoka kuzika mabaharia, mbunge wao Samuel Plimsoll alipigana mpaka mwaka 1876 sheria ikalazimisha meli zichorwe alama ya mwisho wa kupakia. Ni mstari tu wa rangi ubavuni. Sisi mafundi wetu wanapaka mkanda wa njano tayari, kwa urembo! Kinachotakiwa ni mkanda ule upakwe pale fundi anaposema maji yaishie, na kila mtoto wa Nkome, Chato na Muganza afundishwe kwamba mkanda ukizama, ushuke. Hata bibi asiyejua kusoma ataona rangi.

Wataalamu wa elimu hapa chuoni mtasema napotoka kwenye mtaala. Sipotoki. Toka 2024 kuna shule zimeanza mkondo wa amali kidato cha kwanza, na kila semina tunaambiwa elimu iendane na mazingira ya mtoto. Wanafunzi wangu walikuwa wanalia na duara na tanjiti, lakini nilipowaambia wachore mtumbwi ubaoni, kijana mmoja anayekaa nyuma na ambaye hajawahi kupata zaidi ya ishirini alichora mkunjo mzuri kwa mkupuo mmoja, akaongeza na mahali pa taruma. Fundi yuko mita mia sita toka shuleni, na hakuna aliyewahi kumwita hata siku moja aje asimame mbele ya darasa. Yeye mwenyewe alikuwa na wasaidizi wawili, mmoja akaondoka nikiwa pale pale, kaenda Nyarugusu kwenye maduara ya dhahabu. Simlaumu, kule ukipata unapata. Mvule umekuwa adimu, mbao bora ni ghali, na serikali inakopesha wavuvi boti za faiba. Faiba ni nzuri, haiozi, haihitaji pamba. Lakini boti ya faiba inatoka kwenye kalibu, na mtu wa kuichonga hiyo kalibu iendane na wimbi letu ni nani kama hawa wazee watakuwa wameshaondoka? Carlo Riva alikuwa na baba wa babu wa kumrithi. Aliishi mpaka 2017, miaka 95, na karakana bado ipo.

Na hela ya huku ipo, tusidanganyane. Mgodi mkubwa wa Geita unatoa dhahabu toka mwaka 2000. Mwadui kwetu walitoa almasi ya pinki mwaka 1947, akapewa Elizabeth kabla hajawa malkia, ikaja kuwa bruchi yake. Tumepamba watu wengi duniani. Mtu wa Geita akitusua anajenga ghorofa la vioo na kununua V8, sijawahi kusikia aliyekwenda kwa fundi akamwambia, mzee nijengee mtumbwi mzuri kuliko yote ziwani, chukua muda wako, nalipa. Mkimjua mmoja niambieni, nitamwandikia sifa bure.

Rafiki yangu wa picha ya Como amesoma rasimu hii akasema nimetia chumvi, ila amekubali likizo tupite Nkome wote kabla hajakwenda kwao. Watu wa Ukerewe najua mtabisha kwamba mitumbwi yenu ni mizuri kuliko ya huku. Bisheni, lakini mje na picha ya ubavu, na ipigwe mtumbwi ukiwa na mzigo.